Uyoga wa mama mkwe umening'inia jikoni, nami silali

Shikamoo Shangazi,

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani, kwa sababu humu ndani jambo hili halizungumziki bila mtu kununa.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu mwaka jana, baada ya baba mkwe kufariki. Ametoka mbali, penye miti mingine na mvua nyingine, na huko ndiye aliyekuwa akiulizwa habari za uyoga. Ni mama mwema, simsengenyi. Amenisaidia kulea, na sijasikia neno baya kinywani mwake. Ila nyuma ya nyumba yetu pana msitu, na mvua zilipoanza tu alichukua kikapu na kisu akaingia.

Siku ya kwanza alirudi na mwingi, akautandaza mezani, akaanza kuuchambua huku akinisomesha. Ana njia tatu za kuujua wenye sumu. Anaupika pamoja na kitunguu kilichomenywa. Kitunguu kikigeuka rangi, anamwaga. Anatumbukiza pete yake ya fedha sufuriani. Ikipiga weusi, anamwaga. Na ule aliokuta umetafunwa na konokono haupimi kabisa, anasema mnyama hajiui. Tukala. Ulikuwa mtamu, siwezi kudanganya. Hakuna aliyeumwa hata tumbo. Tumekula hivyo mara nne, ya mwisho ikiwa siku kumi zilizopita.

Juzi binti yangu wa miaka sita alimfuata bibi yake msituni. Mama huukata uyoga kwa kisu, juu kidogo ya ardhi, anasema ukiung'oa hautaota tena. Mtoto hana kisu. Aling'oa kwa mkono, akaniletea mmoja kama zawadi. Kofia yake ilikuwa ya kijani kilichofifia kuelekea njano, chini ya kofia kuna vipande vyeupe vyembamba, shingoni kama kijisketi, na mwisho wa shina umekaa ndani ya kitu cheupe mfano wa ganda la yai lililopasuka. Nikamwuliza mama, mbona ganda hili sijawahi kuliona kwenye uyoga wako? Akacheka. Akasema huo ndio wenyewe, kwao nao unatoka kwenye yai, unaota kwenye mabua yanayooza, na hakuna mtamu kuushinda. Amekausha mfuko mzima wa huohuo. Umening'inia jikoni, unasubiri Jumamosi, watakapokuja wageni upande wa mume wangu.

Nilipiga picha nikaiuliza programu ya simu. Picha tatu, majina matatu. Moja likasema unaliwa, moja likasema ni sumu, la tatu halikusema lolote. Mume wangu ananiambia, "Mama amekula uyoga miaka sitini, wewe umeula mingapi?" Mama mwenyewe anajibu kwa methali, nyani mzee amekwepa mishale mingi. Nikikataa kula, ni kama namtuhumu kuwa anataka kutuua. Nikila, nalala macho wazi nikihesabu pumzi za mtoto.

Shangazi, vipimo vyake ni vya kweli? Ipo njia ya hakika ya kuujua wenye sumu? Na nitamwambiaje mama bila kumvunjia heshima?

Mkwe Mwenye Hofu

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla sijasema neno jingine, inuka uende jikoni ukaushushe huo mfuko. Usiutupe. Ufunge, uandike juu yake SUMU kwa herufi zisizohitaji miwani, uuweke mahali ambapo hakuna anayetafuta cha kupika. Ukirudi, endelea kusoma.

Umerudi? Haya.

Kofia ya kijani kilichofifia, matamvua meupe (ndivyo ninavyoviita hivyo vipande vilivyopangana chini ya kofia kama kurasa), kijisketi shingoni, na shina lililotoka kwenye ganda. Sitakuapia jina lake, kwa sababu mtu anayetaja kwa kiapo jina la uyoga ambao hajaushika ni wa kuogopwa kuliko uyoga wenyewe. Lakini ningeambiwa nichore Amanita phalloides, ningechora yale uliyoandika na nisingeongeza kitu. Waingereza wanauita kofia ya mauti. Vifo vingi vya uyoga duniani vinatokana na huo. Nusu ya kofia moja yaweza kumuua mtu mzima, na binti yako hajafikia hata nusu ya uzito wa mtu mzima. Kuukausha kumeuondolea maji tu. Sumu imebaki yote.

Kuushika hakuui. Mnawishe mtoto mikono, kisha umwulize taratibu, bila kumtisha, kama aliulamba au kuung'ata. Akisema ndiyo, au akianza kuangalia chini, mpeleke hospitali hata kama anacheza na kuruka.

Sasa nimtetee mama mkwe wako, maana hakuna aliyemtetea katika barua hii, hata mumeo anayedhani anamtetea. Mama hasemi uongo. Upo uyoga unaotoka kwenye yai, unaota kwenye mabua yanayooza, na ni mtamu kweli. Jina lake ni Volvariella volvacea, na huko Asia unalimwa kwa wingi juu ya mabua ya mpunga. Ukiwa mchanga, huo na Amanita phalloides ni kama pacha. Kosa analokaribia kulifanya mama yenu limefanywa na watu waliohama kutoka Asia ya Kusini-Mashariki kwenda California na kwingineko: wakauona uyoga wa kwao umesimama chini ya miti ya ugenini, wakafurahi kama aliyekutana na ndugu, wakaupika. Hawakuwa wajinga. Asiyejua uyoga angepita bila kuutazama. Hao walijua, na kujua ndiko kulikowaponza.

Huko alikokulia mama, inaelekea yule pacha mbaya hakuwepo. Amanita phalloides ni mwenyeji wa Ulaya. Hauishi peke yake. Nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya miti hai, mialoni hasa, pia misonobari na mingineyo, na mti na uyoga hulishana. Watu walipobeba miche kutoka Ulaya kuipanda Marekani, Australia na kusini mwa Afrika, uyoga ulisafiri ndani ya udongo wa mizizi bila tikiti. Kwa hiyo unaweza kuwa nyuma ya nyumba yako leo ingawa bibi aliyemfundisha mama hakuwahi kuuona. Nyani mzee amekwepa mishale mingi, nakubali. Lakini alikwepa mishale ya msitu aliokulia.

Tofauti zipo. Matamvua ya ule wa mama huanza meupe kisha hugeuka rangi ya waridi kadiri unavyokomaa, na shingo yake haina kijisketi. Yale ya kofia ya mauti hubaki meupe mpaka uzeeni. Mmoja hula mabaki ya mimea, mwingine hukaa na mizizi. Usizichukue tofauti hizi ukaenda nazo jikoni. Kijisketi hudondoka kwa mvua au kwa kushikwashikwa, na uyoga mchanga wa aina zote mbili una matamvua meupe. Nimekutajia umwelewe mama.

Tuje kwenye vipimo vyake. Fedha hupigwa weusi na salfa. Tumbukiza pete kwenye yai la kuku lililochemshwa na itapiga weusi, na hakuna aliyezikwa kwa hilo. Itumbukize kwenye mchuzi wa kofia ya mauti na itatoka inang'aa kama siku ya ndoa. Kitunguu hugeuka rangi kwa mambo yake ya kitunguu, hakina habari na ini lako. Konokono naye anautafuna uyoga huo na kuendelea na safari, kwa sababu mwili wake si mwili wetu. Mnyama hajiui, ni kweli kabisa. Ila hakuahidi kwamba hatakuua wewe.

Kuna vingine ambavyo mama hakuvitaja, na utavisikia tu. Kwamba wenye sumu una rangi kali: wakati Amanita virosa, jamaa wa karibu wa kofia ya mauti anayeitwa malaika mwangamizi, ni mweupe pepe kuanzia kofia hadi ganda. Ule mwekundu wenye madoa meupe unaochorwa kwenye vitabu vya watoto, Amanita muscaria, ni sumu pia, humvuruga mtu akili, lakini ni nadra kuua. Kwamba unaoota juu ya gogo ni salama: Galerina marginata ni kauyoga kadogo ka kahawia kanakoota juu ya magogo, nako kana sumu ileile. Kwamba ukimwaga maji ya kwanza, ukatia siki, ukachemsha sana, sumu inatoka. Sumu hii, amatoksini, haivunjwi na moto wa jikoni, wala jua, wala barafu. Ladha nayo haisemi kitu. Walionusurika wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu, na wewe mwenyewe umeshanionyesha jinsi neno hilo linavyotuliza watu mezani.

Na kwamba mmekula mara nne na mpo, hiyo inathibitisha tu kwamba ule wa mara nne haukuwa huu. Tena si kila sumu hujitokeza mara ya kwanza. Mjerumani Julius Schäffer alikuwa mtaalamu wa uyoga aliyeheshimika. Mwaka 1944 alikula Paxillus involutus, uyoga wa kahawia ambao wakati ule ulihesabiwa miongoni mwa unaoliwa, akafa. Leo inajulikana kwamba mtu anaweza kuula huo miaka na miaka bila kudhurika, huku kinga ya mwili ikijenga uadui nao kimyakimya, mpaka siku moja inageuka na kuanza kuzivunja chembe nyekundu za damu yake mwenyewe. Huyo hakuwa mtu wa pete na kitunguu. Aliuandikia vitabu.

Lakini kinachonifanya nikuandikie kwa ukali huu ni saa.

Sumu nyingi za uyoga hupiga upesi: saa moja, mbili, tatu, mtu anatapika, anajuta, anapona. Amatoksini haina haraka. Mtakula Jumamosi mchana. Wageni watashukuru, mtaagana mlangoni, mtalala. Saa 6 hadi 12 baada ya kula, pengine hata 24, ndipo matumbo yatakapoanza kuuma, kutapika, kuharisha maji matupu. Hakuna atakayekumbuka uyoga. Watalaumu maji, watalaumu nyama. Kisha, baada ya siku moja hivi, hali hutulia. Hapo ndipo watu wengi hupotea, maana mgonjwa anaomba chakula, familia inamshukuru Mungu, wengine wanarudishwa nyumbani. Kumbe muda wote huo sumu inazunguka: inatoka kwenye ini pamoja na nyongo, inaingia utumbo, inanyonywa tena, inarudi kwenye ini. Kila inapopita huizuia seli isisome maagizo yake, na seli isiyoweza kutengeneza protini hufa. Siku ya 3 hadi ya 5 macho yanageuka njano, damu haigandi, maneno yanaanza kuchanganyika. Dawa moja ya kuivunja sumu hii haipo. Madaktari hutumia mkaa maalumu wa kunywa, maji mengi ya mshipa, penisilini, silibinini inayotokana na mmea fulani wa miiba, na ikishindikana, kupandikiza ini la mtu mwingine. Wapo wanaopona, na aliyefika mapema ana nafasi kubwa kuliko aliyesubiri.

Kwa hiyo ile hekima ya kuonja kidogo na kungoja saa mbili haifai kitu hapa.

Ipo pia inayongoja zaidi ya hiyo. Cortinarius orellanus na Cortinarius rubellus, uyoga wa rangi ya kutu ya chungwa, hushambulia figo, na dalili zaweza kuchelewa kuanzia siku 2 hadi wiki 3. Mwaka 2008 mwandishi wa riwaya Mwingereza Nicholas Evans aliwachumia familia uyoga huko Uskoti, akidhani ni aina nyingine anayoijua. Waliula watu wanne. Figo zake zikafa, akaishi kwa kusafishwa damu na mashine mpaka mwaka 2011, binti yake alipomtolea figo. Umeniambia mlikula mara ya mwisho siku kumi zilizopita. Sisemi mlikula huo. Nasema kama yeyote kati yenu ana kiu isiyokatika, maumivu ya kiuno, au mkojo umezidi au umepungua ghafla, aende akapimwe figo na aseme kuwa alikula uyoga wa msituni. Ini halina haja ya kukutia hofu sasa, lingekuwa limeshasema.

Na ikitokea siku yoyote mtu amekula unaotiliwa shaka, hospitali papo hapo, kabla ya dalili, na waende wote waliokula, hata yule anayesema yeye mzima. Usimnyweshe mafuta wala maziwa, usimtapishe kwa vidole. Andika saa ya kula na saa dalili zilipoanza, maana daktari atauliza hilo kwanza. Beba mabaki: maganda, masalia ya sufuria, na uyoga mbichi kama upo, ndani ya karatasi, kwani kwenye plastiki huoza upesi. Aliyeanza kutapika mapema, ndani ya saa mbili, asijipe moyo kwamba wake ni wa kupita. Chungu kimoja huweza kuwa na aina tatu, ya upesi na ya polepole pamoja. Hiyo ndiyo sababu moja ya kutoutupa mfuko. Ya pili nitakueleza.

Umeuliza njia ya hakika. Watu wote wanaouliza hilo wanataka alama moja, kama rangi ya taa barabarani. Haipo. Sumu haikuupa uyoga sare. Kila aina ina jina lake na mwenendo wake, na njia pekee ni kuujua uyoga huo mmoja kwa jina, kama unavyomjua mtu, pamoja na kuwajua wote wanaofanana naye. Ukikwama popote, hata kwa alama moja, hauliwi. Kukisia kwa kuondoa ("si huu, si ule, basi ni huo") ndiko kunakozika watu.

Anayejifunza hung'oa mzima. Hapa mama, kwa nia njema kabisa, anajifunga macho. Kisu chake kinaacha ardhini kitu pekee ambacho kingewaonya: lile ganda. Na hofu yake kwamba ukiung'oa hauoti tena haina msingi, kwa kuwa mwili wa uyoga ni nyuzi zilizoko udongoni, huo tunaouona ni kama tunda. Uswisi walifuatilia jambo hili msituni kuanzia 1975 kwa karibu miaka 30, wakaona kukata na kung'oa hakupunguzi mavuno. Kilichopunguza ni miguu ya watu kukanyaga. Chimbua kwa kidole au kijiti, chukua mkubwa na mdogo wa aina moja, tazama umesimama chini ya mti gani. Ukikuta yai ambalo halijapasuka, lipasue katikati kutoka juu hadi chini. Ukiona ndani umbo la uyoga mdogo limelala kama mtoto tumboni, hilo si ule uyoga wa duara kama mpira unaoliwa, hilo huenda ni Amanita.

Kisha spora, ile vumbi inayodondoka kutoka chini ya kofia. Hii ni kazi nzuri, naipenda, na haihitaji maabara. Unakata shina la uyoga mbichi, unalaza kofia matamvua yakiangalia chini juu ya karatasi, nusu yake nyeupe nusu nyeusi, unaifunika kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi unakuta picha. Amanita hutoa nyeupe. Ule wa mama wa mabuani hutoa ya waridi. Cortinarius na Galerina hutoa ya kutu. Chlorophyllum molybdites, uyoga mkubwa wa nyasini unaotapisha watu kwa wingi katika nchi zenye joto kwa sababu unafanana na aina nzuri, hutoa ya kijani. Lakini ielewe vizuri: picha ya spora hukuambia nini cha kukataa. Haikupi ruhusa ya kula. Wapo wa waridi wenye sumu, jamii ya Entoloma.

Programu ya simu haioni kilichobaki ardhini, hainusi, haijui umesimama chini ya mti gani. Ilikupa majina matatu na hilo ndilo jibu la kweli zaidi ililokuwa nalo. Vitabu navyo angalia vimetoka kwa nani. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa uyoga cha New York kilionya watu juu ya vitabu vya kuchuma uyoga vilivyokuwa vikiuzwa mtandaoni, vilivyoonekana kuandikwa na kompyuta. Tafuta mtu aliyesoma uyoga wa msitu huo, si msitu mwingine. Idara ya mimea au ya misitu ya chuo kikuu ni mahali pa kuanzia. Umpelekee kitu mkononi: mbichi uliong'olewa mzima, na ule mfuko. Hiyo ndiyo sababu ya pili.

Limebaki la mama, na najua ndilo lililokufungia chumbani.

Usianze wewe. Aanze mumeo, kwa kuwa ni mama yake, na mkwe akilisema hili hata kwa asali litasikika kama tuhuma. Mpe barua hii aisome peke yake, mpaka pale penye saa. Akimaliza nadhani hatakuuliza tena umekula uyoga miaka mingapi. Na Jumamosi pikeni kitu kingine. Hilo halina mjadala wala halihitaji sababu, nyumba ni yenu wote wawili.

Kwa mama asiende na neno "sumu" wala "Shangazi amesema". Aende na swali. "Mama, kule kwetu huu ukikomaa, chini yake unageuka rangi gani?" Atajibu waridi, tena atajibu kwa majivuno, kwa sababu anaujua. "Basi tuutazame huu wa hapa." Kofia, karatasi, bakuli, usiku kucha. Asubuhi afunue mwenyewe. Mwanamke aliyechambua uyoga miaka sitini hahitaji kuelezwa maana ya nyeupe mahali alipotegemea waridi. Ataiona kabla yenu, na atakuwa ameiona kwa ujuzi wake, hajavuliwa nguo mbele ya mkwe. Ikitoka ya waridi, furahini kuwa ana jicho, na bado hauliwi mpaka aliyeusomea auone. Mtoto asile uyoga wowote wa msituni kwa sasa, hata huo utakaothibitishwa. Wageni kadhalika, maana mtu mzima anayetaka kujihatarisha ajihatarishe kwa roho yake, asimhatarishe mgeni aliyekuja na mikono mitupu ya kuamini.

Halafu mpeni mama uyoga wake. Nilikwambia unalimwa. Unahitaji mabua makavu yaliyolowekwa, kivuli, na joto la kutosha, nyuzijoto 30 na kitu, na mbegu iliyonunuliwa kwa anayeizalisha kwa jina, isiyookotwa. Hatukuanza safu hii kufundisha kilimo, kwa hiyo nitaishia hapo. Lakini mama anayeamka alfajiri kuingia msituni hatafuti mboga tu. Amefiwa, amehama, na hicho kikapu ndicho kitu pekee alichokuja nacho ambacho nyinyi hamkijui kuliko yeye. Mkikitwaa na hamkumpa kitu mahali pake, atarudi msituni mkiwa kazini.

Na huyo binti, asigombezwe kwa kung'oa. Siku ya kufunua bakuli awepo, akae karibu na bibi yake, kwa sababu katika kikapu chote cha siku ile ni wa kwake tu uliokuja mzima.

Shangazi